Nalongo Alipobaki Nyuma Kule Petra

Wanangu mnaotaka kazi hii ya kuongoza misafara, tuelewane mapema. Mnapokuja kwangu hapa Akalla, Stockholm, na picha za magofu kwenye simu zenu, mkaniuliza ni mji gani wa kale ulionipendeza kuliko yote, huwa nacheka kimoyomoyo. Magofu nimeyaona mpaka basi. Kilichonipendeza kuliko vyote katika kazi yangu ni makalio ya watu kwenye viti vya basi, jioni, viti vyote vimejaa na dereva anawasha injini. Hapo ndipo nilipokuwa nashusha pumzi, na siku nyingine niliishusha kwa sauti mpaka dereva akageuka kunitazama.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Stockholm kumfuata mume, mume akatangulia mbele ya haki, nikabaki na kazi. Wakenya na Waganda wananiita Bi Saumu. Wakongo wananiita Mama Saumu, ingawa sina mtoto wa jina hilo, Saumu ni mimi mwenyewe. Sasa nimestaafu, na magoti yalistaafu kabla yangu.

Aliyenifundisha kazi ni mama wa Kiswidi aitwaye Birgit, mrefu, mkimya, mwenye begi la mgongoni ambalo hukosi kitu ndani yake: sindano, uzi, dawa ya tumbo, soksi kavu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimejiweka mbele ya kundi, leso yangu nimeifunga juu ya mwavuli ili watu wanione, naeleza habari za wafalme kwa madaha. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Saumu, huko nyuma kukoje?" Sikujua. "Basi kaa nyuma," akasema. "Mbele yuko mwongozaji wa pale pale, kazi yake ni kuongea. Kazi yako wewe ni kuona nani anachechemea."

Hilo la kukaa nyuma lishikeni. Na mengine nitakayowapa bure: vyoo kwanza, historia baadaye, maana habari za mfalme hazimwingii mtu aliyebana mkojo. Watu wakikuuliza ni mbali kiasi gani, wape umbali wa kwenda na kurudi, kwa sababu kila mtu huamini kwamba kurudi ni bure. Viatu vipya vibaki nyumbani. Na simu hizi mnazozitegemea, zenye kundi la ujumbe na ramani, ndani ya korongo la mawe hazishiki mtandao, kwa hiyo msije mkautupa mwavuli.

Kwa miaka mingi nilipeleka Waswidi. Mswidi ukimpa saa, anafika kabla ya saa hiyo, anasimama kimya na kofia yake, na akikosekana mmoja wanakuambia wao wenyewe. Halafu makanisa yetu na vyama vyetu vikaanza kuniomba niwapeleke watu wetu kuona nchi za Biblia na jangwa lake. Nikafurahi, nikajua nitapumzika, nitaongea lugha yangu. Wanangu, sikupumzika. Yuko mama mmoja wa Rågsved aliyepakia unga wa ugali katikati ya nguo zake za ibada, eti hoteli za Waarabu hazitamshibisha. Mfuko ukapasuka ndani ya sanduku. Suti yake ya zambarau ikatoka nyeupe mabegani, akaivaa hivyo hivyo, na kila aliyemuuliza alimwambia ni vumbi la jangwani. Hatukuwa tumefika jangwani bado.

Tatizo kubwa lilikuwa kuhesabu. Msafara wa kwanza wa watu wetu, pale uwanja wa ndege, nilianza kuwahesabu kwa kidole kama nilivyozoea. Mama Wambui, Mkenya, muuguzi, mtu asiyeficha neno, akaushika mkono wangu akaushusha. "Bi Saumu, sisi si mbuzi," akasema. "Mtu hahesabiwi kwa kidole. Ukitaka kutuletea mkosi tuambie mapema turudi nyumbani." Wengine wakatikisa vichwa, hata wale niliodhani wamekuwa Waswidi zamani.

Nikatafuta njia nyingine. Katika mkutano wa maandalizi, pale ukumbini Rissne, kila msafiri nilimpa jirani. Watu wawili wawili. Popote tutakaposimama nitapita nikiuliza, "Jirani yupo?" naye atanijibu, "Yupo." Sihesabu mtu, wala simwonyeshi mtu kidole. Njia ilifanya kazi vizuri mno, watu wakaipenda, wakawa wanaitana jirani hata baada ya safari. Nilijiona nimemzidi Birgit.

Sasa niwaambie habari za Nalongo.

Nalongo ni jina la heshima ambalo Waganda humpa mama wa mapacha, na sote tulimwita hivyo. Alifika Sweden zamani, amekimbia mambo ya kwao, akalea watoto wake hapa. Mwanamke mnyoofu, anavaa gomesi yake yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, na fimbo mkononi. Binti yake alitaka mama aione Petra, mji wa kale uliochongwa kwenye majabali huko jangwani Jordan, kabla miguu haijamgomea. Binti mwenyewe hakuweza kusafiri, alikuwa na mimba kubwa. Kwa hiyo akamtuma mumewe, Fred, kijana aliyetoka Kampala na kupata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa. Fred kazini huwanyanyua wazee kitandani, huwaosha, huwavalisha soksi. Nikajiambia, huyu mama amepata msindikizaji.

"Fred atamtazama mama kwa mbali," binti aliniambia kwenye simu. Sikuuliza kwa nini kwa mbali.

Pale ukumbini nikatangaza, "Nalongo na Fred, nyinyi ni wa nyumba moja, hamna shida, nyinyi ni majirani." Fred akatazama sakafu, akasema, "Sawa, Bi Saumu." Nalongo akatazama dirisha. Mama Wambui akakohoa. Mimi nikaendelea na habari za viatu.

Mnielewe. Kwetu Tanga mama mkwe humtuma mkwe dukani, humgombeza, na huyo huyo humwekea kipande kikubwa cha samaki. Ni mwanawe. Nilipoona kule hotelini Fred anachukua sahani yake kila jioni anakwenda kula nje kwenye ngazi, na ndani ya basi mama amekaa mbele na yeye amejificha kiti cha mwisho kabisa, nikajua wamegombana. Nikamwita Fred pembeni nikampa mawaidha marefu juu ya kuwaheshimu wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante.

Siku ya Petra tuliingia asubuhi. Unapita kwanza kwenye korongo refu, kuta za mwamba zimepanda juu kushoto na kulia, nyekundu, na mahali pengine ukinyoosha mikono unakaribia kugusa pande zote mbili. Mwongozaji wetu wa pale, Khaled, alituonyesha mifereji iliyochongwa ukutani kuleta maji mjini. Akasema Wanabatea waliojenga mji ule waliogopa kiu, lakini waliogopa mvua vilevile, kwa sababu mvua ya milimani hushuka kwa ghafla na kulijaza bonde, ndiyo maana walijenga ukuta wa kuyageuza maji. Tulimsikiliza kwa adabu huku jua linatuchoma. Hakuna aliyeamini habari za mvua.

Nilikuwa nyuma, mahali pangu, na Nalongo alikuwa pamoja nami. Kila njia ilipokuwa nyembamba alisimama.

"Tembea, mama," nilimwambia.

"Kwanza huyo apite," alijibu, akionyesha mgongo wa Fred kwa kidevu.

Nikadhani anatafuta pa kupumzikia bila kusema amechoka, maana wazee wengi hufanya hivyo, na dawa yake ni wewe mwenyewe kujifanya umechoka. Nikakaa juu ya jiwe nikajipepea. Akakaa. Hilo pia lishikeni, ingawa siku ile halikuwa jibu.

Mchana tuliliona lile jengo maarufu lililochongwa ukutani, tukaona ukumbi wa wazi wa maigizo na makaburi, tukala, tukaanza kurudi. Hapo mzee mmoja wa Kongo akapatwa na kizunguzungu. Nikamshika mkono nikatangulia naye mbele, kwenye kivuli. Mkia wa msafara nikauachia majirani waulinde.

Mbingu ikageuka bila kutuaga. Upepo wa baridi, ngurumo mbali, halafu walinzi wakaanza kupuliza filimbi na kupiga kelele. Khaled akanijia mbio. "Msiingie korongoni," akasema kwa Kiingereza. "Pandeni juu. Wote, sasa hivi." Akatupandisha ngazi za mwamba mpaka kwenye chumba kikubwa kilichochongwa, kaburi la matajiri wa zamani, juu ya bonde. Tulipofika mvua ikatupiga usoni. Nikapita kwa kila mtu.

"Jirani yupo?"

"Yupo."

"Jirani yupo?"

"Yupo, anahema tu."

Nikafika kwa Fred, yuko mlangoni, uso wake umeelekea nje. "Jirani yupo?"

"Yupo," akasema.

Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kufurahia mvua. Chini yetu njia tuliyopita ilikuwa imeshaanza kuwa mto, maji mekundu yenye vijiti. Mama Wambui akavua sweta lake, akageuka huku na huku.

"Huyu Nalongo ako wapi nimpe sweta? Ataganda."

Tukageuka wote kumtafuta. Mzungu mmoja mzee, mtalii aliyekimbilia mle pamoja nasi, alikuwa ameegemea ukuta nyuma ya Fred, anakula biskuti, na mkononi ana fimbo ya kutembelea. Fred akaitazama fimbo ile. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Nilisikia fimbo nyuma yangu," akasema. "Njia yote nilikuwa nasikia fimbo. Nikajua ni yeye."

"Hukugeuka?"

"Bi Saumu, mimi naweza kugeuka aje? Svärmor, mama mkwe wangu, anapanda ngazi, ameshika nguo, nimwangalie?" Akaifuta mvua usoni. "Kwetu mkwe hamgusi huyo mama. Hamkai kiti kimoja, hamli pamoja, hampitani mahali padogo. Wazee wanasema ukivunja hiyo, mikono itatetemeka mpaka kufa. Mimi sijui kama ni kweli. Lakini yeye amenipa mtoto wake. Sasa bibi yangu ana mimba ya wiki hii ama ijayo, nitamwambia nini? Nitamwambia nilimpoteza mama kwa sababu ya heshima?"

Nilielewa yote kwa pamoja: sahani kwenye ngazi, kiti cha nyuma, ile "kwanza huyo apite". Niliwafunga pamoja watu wawili ambao kila mmoja, kwa kumpenda mwenziwe, alikuwa na kazi ya kutomwona. Nikamgeukia Mama Wambui. "Ulijua?"

"Hata kwetu iko," akasema taratibu. "Nilidhani Waganda wa hapa wameachana nayo."

Nikatoka mlangoni kwenye mvua na mwavuli wangu, leso imelowa juu yake, nikaita. Khaled akaita. Fred ndiye aliyemwona. Ng'ambo ya bonde, chini, kwenye mdomo wa pango dogo, gomesi ya manjano. Amesimama wima, fimbo mkono mmoja, viatu mkono mwingine. Baadaye alitueleza kwamba punda walikuja wakaijaza njia, naye akaona hapo mbele Fred amesimama kuwapisha, mahali pembamba, lazima wabanane. Akaingia pangoni ili kumwondolea mkwewe aibu. Alipotoka hakukuwa na mtu.

Maji kati yetu na yeye yalifika magotini, lakini yalikuwa na haraka. Khaled akatazama juu milimani. "Mengi zaidi bado hayajashuka," akasema. "Pango lile litaingia maji. Ni sasa, au tusubiri na kuomba Mungu." Mlinzi mmoja alikuwa na kamba. Wakaifunga kwenye mwamba kwetu, mlinzi akaushika mwisho wake akaingia majini, Fred akamfuata. Alitaka kuvua viatu, nikamkataza. Majini huvuki peku, mawe ya chini huyaoni.

Nilisimama pale nikiwatazama wanavuka. Sikumbuki nilisema dua gani. Nakumbuka Mama Wambui amenishika mshipi wa koti kwa nyuma, kama mimi ndiye niliyekuwa majini.

Yaliyosemwa ng'ambo alinisimulia Fred mwenyewe. Nalongo alimwona anakuja akarudi ndani hatua kadhaa. "Mwache huyu mlinzi anichukue," akamwambia. "Wewe rudi." Mlinzi mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba, na akiiachia wamekwisha. Fred akasimama mbele ya mama, maji yanapita miguuni.

"Maama," akasema, "leo mimi niko kazini."

Akamgeuzia mgongo, akachuchumaa kama anavyochuchumaa kila siku mbele ya vitanda vya wazee wasio wake. Nalongo akautazama ule mgongo. Akayatazama maji. Halafu akakaza mshipi wake, akatundika viatu shingoni mwa mkwewe, akapanda.

Nasi tukamwona Fred anavuka, kashika kamba, mdomo wake unacheza. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anamwambia mama kila anachofanya, ndivyo walivyofundishwa kazini, ili mzee asishtuke. Sasa nainuka. Sasa naweka mguu wa kushoto. Sasa kuna jiwe, nishike vizuri. Walipofika katikati maji yakamsukuma, akayumba, mikono ya Nalongo ikamkaba shingo, na mlinzi akavuta. Wakafika. Akampandisha ngazi zote bila kumtua mpaka ndani, akamweka chini polepole, akarudi nyuma, akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya lile kaburi nikalia na kucheka kwa wakati mmoja. Sioni aibu kusema. Raha niliyoisikia mwilini, ya kumwona mwanamke mzee anakamua maji kwenye gomesi na kulalamika kwamba rangi itatoka, sijaisikia tena. Tulikuwa bado tunamfunika masweta maji yalipoongezeka. Yakafunika mdomo wa pango.

Mvua ilipokatika walinzi wakatutoa kwa magari kupitia njia ya nyuma. Nilisimama mlangoni mwa basi nikayatazama makalio yakikaa, moja moja. Kuhesabu kwa macho hakuna mkosi, Mama Wambui mwenyewe aliniruhusu.

Tangu siku ile, kabla ya kupanga majirani, nilikuwa nakunywa kahawa na kila msafiri peke yake. Msiulize mbele za watu. Mbele za watu jibu ni "sawa, Bi Saumu", na ndilo jibu la hatari kuliko yote. Uliza mkiwa wawili, tena uliza vizuri: kuna mtu humu ambaye huwezi kukaa naye, kwa ugomvi au kwa heshima? Wa ugomvi ni rahisi, huwa hawaachani macho, kila mmoja anajua mwenziwe yuko wapi. Wa heshima ndio wa kuwaangalia. Na anayetembea wa mwisho asiwe na jirani mwingine ila wewe, hata mzee wa Kongo azimie huko mbele. Huko mbele watu ni wengi.

Jioni ile hotelini tulikuwa na njaa ya kufa mtu. Watu wakaingia chumba cha kulia wamevaa chochote kilichokuwa kikavu, mwingine kavaa taulo shingoni. Nalongo akaja na khanga zangu mbili, fimbo imebaki bondeni, anamshikilia Mama Wambui. Fred alikuwa kwenye chakula. Alipomwona anaingia akafanya haraka, akajaza wali, akachukua sahani yake akaelekea mlangoni kama kila siku.

"Fred," Nalongo akaita.

Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita mbele yetu.

"Nje kumelowa."

Nalongo akavuta kiti kwenye meza ndefu, akakaa. Akavuta na kile cha pembeni yake, akakipangusa kwa ncha ya khanga, ingawa kilikuwa kisafi. Fred akatutazama sisi, kama tuna jibu. Tukatazama sahani zetu. Akaja akakaa, ukingoni kabisa, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya hakimu. Nalongo akamwekea kipande cha kuku. Wakala. Nilitazama mikono yake Fred kwa kuibia, na naamini meza nzima tulifanya hivyo. Ilikuwa imetulia.

Katikati ya chakula simu yake ikalia, ni mkewe, kwa picha. Fred akaiegemeza kwenye chupa ya maji. Akaonekana binti, tumbo kubwa, amekaa jikoni kwake Rågsved, anauliza siku imekwendaje. Kisha akausogeza uso karibu na kioo. Akauliza kwa Kiswidi, polepole, kama ni kweli anachokiona, mama amekaa karibu na Fred?

Nalongo alimeza kwanza tonge lililokuwa mdomoni. Akajibu kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Nimekaa. Tunakula. Tutakupigia tukimaliza."